Mwenzako wa Chumba Anatumia Dawa za Kulevya: Anza na Chumba, Si na Yeye

Mwanafunzi akigundua kwamba anayelala kitanda cha pili anatumia dawa za kulevya, swali linalomjia huwa moja: nimchome au nimezee? Marafiki nao humshauri ndani ya swali hilohilo. Wapo watakaomwambia asiwe mnoko, kila mtu na maisha yake. Wapo watakaomwambia akaripoti kesho asubuhi kabla mambo hayajamharibikia. Pande zote mbili zinamjadili yule anayetumia. Huyu aliyekuja kuomba ushauri haulizwi chochote: vitu vyako viko wapi, nani mwingine ana ufunguo, na jina la nani limeandikwa kwenye fomu ya chumba?

Naona swali la kuchoma au kumezea limekaa vibaya tangu mwanzo. Linamtwika mwanafunzi kazi zisizo zake. Akiripoti anaonekana polisi, akikemea anakuwa mzazi, akijaribu kumwachisha mwenzake anajifanya daktari. Hana cheo hata kimoja kati ya hivyo. Alichonacho ni nusu ya chumba, na nusu hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ndani yake mna haki ambazo hahitaji ruhusa ya mtu ili azidai, na mna hatari zitakazomfuata hata kama hajawahi kugusa kitu. Akianzia hapo, mengi yanayoonekana kuwa mtihani wa urafiki yanageuka kuwa makubaliano ya kawaida ya watu wawili wanaoishi pamoja. Yatakayobaki ni machache, na hayo ndiyo mazito kweli.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Imani iliyozoeleka ni kwamba mzigo ni wa aliyeununua. Lakini biashara hii haina risiti, na sheria za nchi nyingi hazisubiri risiti. Huangalia kama ulijua kitu kipo, na kama kilikuwa mahali ambapo na wewe una uwezo napo. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuhesabiwa kuwa anamiliki kitu ambacho hajawahi hata kukishika.

Chukua droo ya meza mnayoitumia wote kusomea. Mna kalamu zako, chaja yake, picha zako za pasipoti zilizobaki, na chini kabisa kipakti cha nailoni kilichokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Anayeivuta droo hiyo kwa mara ya kwanza haoni mipaka mliyowekeana kichwani. Anaona droo moja ya watu wawili, na pakti imefungwa kwa karatasi inayofanana na ya daftari lako. Utapata nafasi ya kujieleza, na pengine utaaminiwa, lakini huenda maelezo hayo ukayatoa kituo cha polisi.

Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya gari lililosimamishwa katika jimbo la Maryland likiwa na wanaume watatu. Kokeini ilikutwa imefichwa nyuma ya egemeo la mkono la kiti cha nyuma, na hakuna aliyekiri kuwa ni yake. Polisi wakawakamata wote watatu. Majaji wakasema kwa kauli moja kwamba polisi walikuwa na sababu ya kutosha kufanya hivyo. Kukamatwa si kutiwa hatiani, na wanasheria hawachoki kutukumbusha. Ila kwa mwanafunzi mwenye mitihani wiki ijayo, au anayesoma nchi ya kigeni kwa viza, kukamatwa peke yake tayari ni hasara. Hukohuko Marekani, mgeni anayetiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya anaweza kufukuzwa nchini, na msamaha uliopo ni mwembamba: kosa moja tu la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe.

Uingereza ina kifungu kinachogusa vyumba moja kwa moja. Sheria yao ya mwaka 1971 ya matumizi mabaya ya dawa inamfanya mkaaji wa mahali kuwa mkosaji akiruhusu, huku akijua, bangi ivutwe hapo. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 mwanafunzi wa Cambridge aliyekuwa anakaa hosteli ya chuo alitiwa hatiani kwa kifungu hicho. Rufani yake ilijengwa juu ya hoja kwamba yeye si mkaaji kwa maana ya sheria, kwa kuwa jengo ni la chuo. Mahakama ya Rufani ikamkatalia: mwenye chumba ambaye ana uwezo wa kuamua nani aingie na nini kifanyike humo anatosha kuitwa mkaaji. Ningependa kila anayesema “mimi simo, navumilia tu” aisome hukumu hiyo. Kuvumilia, machoni pa kifungu kama kile, kunaweza kusomeka kama kuruhusu.

Halafu kuna suala la upekuzi, ambalo watu hulikumbuka mlango ukishagongwa. Mkiishi wawili, ridhaa ya mmoja inaweza kuwafungulia polisi chumba kizima. Mahakama za Marekani zimelijadili jambo hili kwa miongo. Mwaka 1974 zilikubali kwamba mkaazi mmoja anaweza kuridhia upekuzi wa sehemu wanayotumia pamoja wakati mwenzake hayupo hapo kukataa. Mwaka 2006 zikasema mwenzake akiwa amesimama mlangoni na akakataa, kukataa kwake kunashinda. Mwaka 2014 zikaongeza kwamba aliyekataa akishaondolewa kwa kukamatwa kihalali, aliyebaki anaweza kuridhia. Nchi nyingine zina taratibu zao, na chuo chenyewe mara nyingi kina haki ya kukagua kwa mujibu wa mkataba uliousaini bila kuusoma. Popote ulipo, usiri wa chumba cha watu wawili unategemea pia uamuzi wa mtu wa pili, na mtu huyo anaweza kuwa yule ambaye hana akili timamu saa sita usiku.

Bangi inaleta mkanganyiko wa aina yake, kwa sababu kuna nchi na majimbo yaliyolegeza sheria. Wapiga kura wa Colorado na Washington waliihalalisha mwaka 2012 na wengine wakafuata. Lakini sheria ya shirikisho la Marekani inavitaka vyuo vinavyopokea fedha zake vipige marufuku dawa zote ambazo shirikisho linazikataza, kwa hiyo mwanafunzi wa Colorado anaweza kuwa na haki barabarani na kosa bwenini. Ureno, ambayo hutajwa sana katika mijadala hii, haikuhalalisha kitu. Tangu Julai 2001 anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake hapelekwi mahakama ya jinai bali mbele ya kamati inayotazama kama anahitaji matibabu, na muuzaji bado ni mhalifu. Mwenzako akikuambia “mbona siku hizi ni ruhusa”, mwambie akuonyeshe ruhusa hiyo kwenye kanuni za bweni.

Kutokana na haya yote ninatoa sharti moja lisilo na mjadala: usishike. “Nishikie hiki mpaka jioni” ni ombi linalokuja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba umwekee daftari, na ndilo linaloweza kukutoa kwenye nafasi ya shahidi na kukuweka kwenye nafasi ya mtuhumiwa. Usibebe, usipokee mgeni aliyekuja “kuchukua kitu”, usiruhusu simu yako itumike kuagiza. Wala usijifanye shujaa kwa kukitupa chooni mwenyewe. Ukikichukua umekishika, na kama kilikopwa kwa muuzaji, deni lake haliondoki na maji. Kidonge cha kusaidia umakini ambacho rafiki aliandikiwa na daktari nacho kimo humu. Kwa sheria za nchi nyingi, kumpa mtu mwingine dawa ya amfetamini uliyoandikiwa wewe ni kosa, hata kama lengo ni kukesha mkisoma.

Sasa mazungumzo. Watu huyaogopa kwa sababu wanadhani lazima wamwambie mtu aache. Huna haja. Mazungumzo ya kwanza yanahusu chumba na yanaweza kuisha kwa dakika tatu. Yafanywe akiwa mzima, mkiwa wawili tu. “Sikiliza ndugu yangu, mambo yako ni yako, sitaki kukuhubiria. Ila humu ndani na mimi nalala. Usivutie humu, usiweke mzigo humu, na wale jamaa wa usiku wasije humu. Likitokea tena nitaomba kuhama, na nikiulizwa sababu sitadanganya.” Basi. Hakuna tusi, hakuna mama yako angejisikiaje, na hakuna tishio la siri, kwa sababu hatua ya mbele imetajwa wazi kabla haijafika.

Majibu yanajulikana. Atasema ni wikendi tu. Atataja wengine watano wanaofanya hivyo na wana alama nzuri kuliko zako. Atasema ataacha baada ya mitihani. Hapo ndipo wengi hutelezea kwenye ubishi wa kama bangi ni mbaya kuliko pombe, na saa moja baadaye wamesahau walichokuja kuomba. Jibu linalofaa ni la mtu asiye na muda: sijakuuliza utaacha lini, nimekuuliza kama humu ndani tumeelewana.

Ana njia nyingine, na hii ndiyo ya kawaida zaidi: atakubali, kisha atajificha. Utakuta taulo limesokotwa chini ya mlango, dirisha limefungwa kwa sababu watu wanapita nje, na marashi yamepuliziwa juu ya moshi. Taulo hilo linailinda korido, halikulindi wewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwaweka wasiovuta pamoja na wavutaji wa bangi kwenye chumba kidogo, mara moja bila kupitisha hewa na mara nyingine hewa ikipita. Bila hewa, wasiovuta walikutwa na kemikali ya bangi kwenye damu na mkojo, na baadhi walihisi ulevi mwepesi. Hewa ilipopita, hali ilikuwa tofauti sana. Kwa mwanafunzi anayecheza kwenye timu au anayekwenda mafunzo ya vitendo mahali wanapopima mkojo, tofauti hiyo ina maana kubwa. Sisemi kwamba kupita kwenye harufu kutakuangusha kipimo, maana kisingizio cha “nilikuwa karibu na wanaovuta” kimetumiwa vibaya vya kutosha. Nasema chumba kilichozibwa kwa taulo usiku kucha ndiyo hali mbaya kuliko zote, na mwenzako ndiye aliyeitengeneza.

Kuna watakaoniambia kwamba nimekuwa baridi. Mtu anaangamia mbele yako, nawe unajadili taulo na fomu? Naielewa hoja hiyo na sehemu yake naikubali. Uraibu ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, na mgonjwa hastahili kuachwa kama gunia. Lakini hebu tutazame kinachosaidia kweli. Mwaka 1999 watafiti wa jimbo la New Mexico, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha njia tatu za kuwasaidia ndugu na jamaa wa walevi wa pombe waliokuwa wamekataa katakata kwenda kutibiwa. Walipofundishwa mbinu za utulivu, yaani kusifia siku njema, kuacha kuficha madhara ya ulevi na kuchagua saa ya kuongea, asilimia 64 walifanikiwa kumfikisha mlevi kwenye matibabu. Kwa njia ya kumkalisha mtu kikao na kumkabili walifanikiwa asilimia 30. Kwa njia ya kikundi cha kufarijiana, kinachofundisha kwamba huwezi kumbadilisha mlevi, ilikuwa asilimia 13.

Wale walikuwa watu wa familia na waliofundishwa kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepangiwa chumba na mgeni miezi miwili iliyopita hana mafunzo hayo wala undugu huo. Hata hivyo kuna jambo moja la kuchukua hapo, nalo linapatana na ubaridi wangu: usimfichie madhara. Akikosa kipindi, usimsainie mahudhurio. Akiulizwa na mhadhiri, usimzulie malaria. Akiishiwa, chakula mpe, fedha usimpe. Kila unapofuta alama za ulevi wake unampunguzia sababu za kutafuta msaada, na unajiongezea kazi ambayo mwezi ujao itakuwa kubwa zaidi. Ukitaka kumfaa, tafuta mapema saa za mshauri nasaha wa chuo, na siku akisema mwenyewe “nimechoka”, uwe tayari kumwambia twende sasa hivi. Siku kama hiyo haikai, na kwa anayetumia heroini inaweza kumalizika kabla ya jioni, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, ikishaanza kumkata tumbo na kumtetemesha.

Nimetaja heroini kwa makusudi. Anayevuta msokoto wikendi na anayekula unga si mtu mmoja, na ushauri unaowaweka kapu moja haufai kitu. Dalili za kuvuka mstari zinaonekana ukiwa ndani ya chumba kabla mtu mwingine hajaziona: vitu vidogo kupotea, karatasi za fedha kukunjwa kama bomba, vipande vya jaribosi vilivyoungua, sindano, mtu kusinzia katikati ya sentensi. Akianza kuuza, hali inabadilika zaidi. Wageni usiowajua wanagonga usiku, simu haiishi, mzani mdogo unakaa kwenye begi la nguo. Hapo habari ya kuelewana imekwisha. Huishi tena na mtumiaji, unaishi dukani, na maduka ya aina hiyo hutembelewa na polisi na vilevile na wezi. Ondoka siku hiyohiyo ukalale kwa rafiki, uombe kuhamishwa ukiwa huko. Huna wajibu wa kumjulisha muuzaji kwamba unahama kwa sababu yake.

Kuna usiku mmoja ambao maelezo yote haya yanawekwa kando. Mwenzako amelala chali na anakoroma, lakini si koroma uliyoizoea. Inagugumia kama maji kwenye bomba, kisha inakatika, kisha inarudi baada ya muda mrefu kuliko unavyopenda. Unamwita, hajibu. Unamsugua kifua kwa vifundo vya ngumi, hashtuki. Midomo imekuwa ya kijivu au samawati, kucha vilevile, na ukimfunua jicho mboni imekuwa nukta. Hizo ndizo dalili za mtu aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, na kinachomuua ni pumzi inayosimama. Piga simu ya dharura kwanza. Kama ipo naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni mwilini, mpe. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1971, na tangu 2023 ile ya kupulizia puani inauzwa huko bila cheti cha daktari. Huanza kazi kwa dakika mbili tatu, lakini nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90, na afyuni inaweza kudumu zaidi, kwa hiyo aliyezinduka bado anahitaji hospitali hata akikutukana kwamba umemharibia. Ikiwa alichotumia hakikuwa afyuni, naloksoni haitamsaidia wala haitamdhuru. Mpulizie pumzi kama unajua, mlaze ubavu kama anahema, usimwache peke yake.

Wenzio watakuja na utaalamu wa korido. Mmwagie maji baridi. Mpe maziwa. Mtembeze. Mwache alale, itamtoka. La mwisho hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu lina sura ya huruma. Na kama alichotumia ni kokeini au amfetamini dalili huwa nyingine kabisa, mwili unawaka moto, kifua kinauma, anaongea yasiyoeleweka au anapata degedege, lakini simu ni ileile.

Kuna wakati wa hatari zaidi ambao watu hawauhesabu, nao ni kurudi kutoka likizo. Aliyekaa nyumbani wiki sita bila kutumia amepoteza uzoefu wa mwili, na kipimo alichokuwa anakimudu mwezi wa mwisho wa muhula sasa kinaweza kumuua. Siku hizi kuna jambo jingine juu ya hilo. Fentanili, dawa nyingine ya jamii ya afyuni, ina nguvu takriban mara 50 kuliko heroini, na katika nchi ambako imeingia sokoni inachanganywa kwenye unga na kwenye vidonge bandia ambavyo mnunuzi anadhani ni dawa ya usingizi au ya maumivu. Hajui alichomeza, sembuse wewe.

Kinachowazuia wanafunzi kupiga simu ile ni hofu. Wanajua gari la wagonjwa linaweza kufuatwa na polisi, na chumba kina vitu. Watunga sheria kadhaa wameliona hilo. New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza Marekani, mwaka 2007, kupitisha sheria ya Msamaria Mwema kwa ajili ya waliozidisha dawa, na majimbo mengi yamefuata. Kanada ilipitisha yake mwaka 2017. Kwa jumla zinasema anayepiga simu na anayeokolewa hawatashtakiwa kwa kukutwa na kiasi cha kutumia wenyewe. Hazimkingi muuzaji, na nchi nyingi hazina sheria ya namna hiyo. Jua ya kwenu inasemaje leo, wakati hakuna anayekoroma. Na kama haipo, simu inapigwa vilevile. Katika mambo yote ninayoyaandika hapa, hilo ndilo pekee nisilokubali lipimwe na kitu kingine.

Hofu hiyo inanileta kwa vyuo, ambavyo katika jambo hili hupenda kukaa upande wa wanaoshauri. Mabango ya “usinyamaze, toa taarifa” hubandikwa na ofisi zilezile zinazofukuza kwa kosa la kwanza. Mwanafunzi si mjinga. Anaona kwamba taarifa yake itamwondolea mwenzake masomo, itampa yeye jina korido nzima, na mara nyingi itaishia yeye mlalamikaji kuambiwa afungashe vitu ahamie chumba kilichobaki wazi, kile kisichotakiwa na mtu. Kwa hesabu hiyo kunyamaza si uoga. Ni uamuzi wenye akili chini ya kanuni mbovu.

Marekani ilijaribu ukali wa aina hiyo kwa kiwango cha taifa. Sheria ya mwaka 1998 iliwanyima msaada wa fedha za serikali kuu wanafunzi waliotiwa hatiani kwa makosa ya dawa za kulevya. Ililegezwa baadaye, na mwishoni mwa 2020 bunge likapitisha kuifuta. Kwa miaka yote hiyo, aliyekuwa anafikiria kumtaja mwenzake alijua anaweza kuwa anamkatia ada. Upande wa pili upo mfano wa Chuo Kikuu cha Cornell, hukohuko Marekani, ambako mwaka 2002 chuo kiliamua kwamba anayepiga simu kuomba msaada wa tiba kwa aliyelewa hataadhibiwa na chuo, wala aliyeokolewa. Tathmini iliyofuata ilionyesha simu za kuomba msaada zikiongezeka, bila dalili kwamba wanafunzi walikuwa wanakunywa zaidi kwa sababu ya msamaha. Ile ilikuwa habari ya pombe, na dawa za kulevya zina ugumu wake wa kisheria, lakini hofu inayomfunga mtu mdomo ni ileile.

Ningekuwa na sauti kwenye baraza la chuo ningeomba jambo dogo kuliko msamaha. Ningeomba mwanafunzi aruhusiwe kubadilisha chumba kwa sababu ya mazingira ya chumba, bila kulazimika kumtaja mtu. Ofisi ya malazi haina haja ya jina ili ijue kwamba chumba fulani kimeombewa uhamisho mara tatu kwa mwaka mmoja na watu watatu tofauti. Msimamizi mwenye macho atajua pa kwenda kubisha hodi, na atakwenda kwa niaba ya ofisi, si kwa mdomo wa mtoto wa miaka 19 atakayelala humo usiku huohuo.

Mpaka hapo patakapofikiwa, andika barua mwenyewe. Barua, si kupita ofisini na kuongea na aliyepo zamu. Iwe fupi: namba ya chumba, tangu lini hali haivumiliki, kwamba mlizungumza na mwenzako tarehe fulani bila mafanikio, na kwamba unaomba kuhamishwa kwa sababu ya moshi, wageni wa usiku na usalama wa vitu vyako. Andika uliyoyaona, usiandike unayoyahisi. Neno “teja” lisiwemo. Kama mmepanga nje ya chuo na mmesaini mkataba mmoja, usome kabla ya kuhama, kwa sababu mikataba mingi ya aina hiyo inamruhusu mwenye nyumba kumdai kodi yote yeyote kati yenu, na akiamua kuwatoa kwa ajili ya dawa za kulevya atawatoa wote. Ukishaipeleka, baki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeipokea, na uiweke kwa mtu asiyekaa chumba hicho.